Safari ya kujitolea ya likizo ya Machi: kazi ya serikali ya wanafunzi kuanzia Septemba hadi Aprili

Vyuo vingi vya Marekani hufunga kwa wiki moja kati ya mwanzo wa Machi na katikati ya Aprili. Ni likizo ya majira ya kuchipua. Wapo wanaokwenda ufukweni, na wapo wanaopanda gari kwenda kujenga nyumba, kusafisha njia za misituni au kupanga chakula kwenye maghala ya misaada. Safari hizi za pili zimeenea sana. Shirika la Habitat for Humanity limekuwa likipokea vikundi vya wanafunzi kupitia mpango wake wa Collegiate Challenge tangu 1989, na shirika la Break Away, linalowafundisha wanafunzi kuongoza safari za aina hii, lilianzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 1991.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili aliyechaguliwa kwenye serikali ya wanafunzi katika chuo cha Marekani, kisha akakabidhiwa safari hiyo: aitafutie fedha, aisimamie, au vyote viwili. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba safari hizi haziharibikii Machi. Huharibikia Oktoba, pale kikundi kinapochagua mahali kabla hakijazungumza na mtu yeyote anayeishi huko.

Piga hesabu ya saa kabla ya kuahidi lolote

Wiki ya likizo ina siku tisa ukihesabu wikendi zote mbili. Toa Jumamosi mbili za barabarani, toa Jumapili ya kupokelewa na Jumapili ya kupumzika kabla ya masomo, kisha toa nusu ya Ijumaa ya kurudisha vifaa. Zinabaki siku nne na nusu. Watu 12 wakifanya kazi saa sita kwa siku, hizo ni saa 324 za mikono isiyo na ufundi. Zinatosha kupaka rangi nje ya nyumba moja na kujenga ngazi ya mbele chini ya fundi. Hazitoshi “kubadilisha maisha ya kijiji”, na maneno ya namna hiyo yasiandikwe kwenye bango lenu.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa ni wageni wanaotaka jembe siku ya kwanza. Lazima mtu awe amelinunua, amelinoa, na asimame pale kuwaonyesha pa kulima. Huyo ni mfanyakazi wa shirika mwenyeji, na wiki hiyo kazi yake nyingine inasimama. Kila kikundi kinachofika ni gharama kwa mwenyeji kabla hakijawa msaada.

Septemba: tafuteni mwenyeji, si mandhari

Andikeni mashirika matatu au manne, mpige simu, na muulize maswali haya kwa mpangilio huu:

Ni kazi gani mnahitaji ifanywe mwezi Machi na hamna watu wa kuifanya? Swali hili linatangulia kwa sababu mkianza na “sisi tungependa kufanya kazi na watoto”, mwenyeji mpole atawatengenezea kazi ambayo haikuhitajika.

Wiki hiyo mna vikundi vingine vingapi? Machi ni msimu wa mavuno kwa mashirika haya, vyuo vyote huja kwa pamoja. Penye vikundi vitano, wanafunzi wenu watakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakisubiri nyundo.

Nani atakuwa nasi eneo la kazi tangu asubuhi hadi jioni? Takeni jina na cheo. Kwa watu 12 wasio na uzoefu mnahitaji wasimamizi wawili. Msimamizi mmoja atazunguka kutoka mtu hadi mtu, na nusu ya kikundi itasimama.

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo tunafanya nini? Mwenyeji mzoefu ana jibu mkononi: kazi ya ndani, ghala, au kupanga vifaa. Asiye na jibu bado hajazoea vikundi, basi mpangie naye.

Nyumba tutakazofanyia kazi zilijengwa mwaka gani? Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za kuishi za Marekani mwaka 1978. Kwenye nyumba ya kabla ya hapo, mwanafunzi asipige msasa wala kukwangua rangi ikiwa kavu mpaka mwenyeji aonyeshe kwamba imepimwa na haina risasi. Vumbi lake ni sumu, na hurudi nyumbani na nguo.

Mchango wenu kwa kila mtu ni kiasi gani, na unalipia nini? Mashirika mengi hutoza, na ni haki yao. Mchango huo ndio unaonunua mbao, misumari na mshahara wa yule msimamizi.

Kazi na watoto ina tatizo la pekee. Uchunguzi wa rekodi za jinai unaweza kuchukua wiki kadhaa, na mtoto anayezoea sura mpya kila Jumatatu na kuipoteza kila Ijumaa hafaidiki. Kama mwenyeji anahusika na watoto, ombeni kupaka rangi darasa au kutengeneza rafu za vitabu.

Wanafunzi wengi walikwenda New Orleans na Pwani ya Ghuba majira ya kuchipua ya 2006, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Kazi kubwa waliyofanya ilikuwa kutoa samani zilizooza na kubomoa bodi za jipsamu zilizojaa kuvu mpaka zibaki nguzo tupu. Ilikuwa chafu na nzito, na ilifaa kabisa, kwa sababu inahitaji mikono mingi kwa muda mfupi na hufundishika kwa nusu saa. Tumieni kipimo hicho hicho leo. Kazi inayoweza kuelezwa kwa dakika 30, ikakaguliwa kwa macho na ikamaliziwa na wengine ni yenu. Umeme, mabomba na kupaua ni vya mafundi. Penye kuvu, vaeni barakoa za N95 zinazobana usoni. Za kitambaa hazitoshi.

Oktoba: hela na kikao

Serikali ya wanafunzi huwa na fedha zinazotokana na ada ya shughuli za wanafunzi, ile inayokatwa kila muhula kwa kila aliyesajiliwa. Ni fedha za watu wote, wakiwamo wasiokwenda popote Machi. Kwa hiyo ombi lenu lazima lieleweke kwa mtu asiyewajua na asiyewapenda.

Huu ni mfano wa bajeti ya watu 12 (wanafunzi 11 na mlezi mmoja mfanyakazi wa chuo), usiku 7, siku 8, umbali wa maili 450 kwenda. Bei ni za mfano, wekeni zenu.

Kukodi magari mawili ya viti saba, dola 80 kwa siku kila moja, siku 8: dola 1,280.
Mafuta: kila gari maili 900 kwenda na kurudi, na 200 za huko. Jumla ya magari mawili ni maili 2,200. Kwa maili 22 kwa galoni ni galoni 100, na kwa dola 3.50 ni dola 350.
Malazi, dola 25 kwa mtu kwa usiku: dola 2,100.
Chakula, dola 15 kwa mtu kwa siku: dola 1,440.
Mchango kwa mwenyeji, dola 75 kwa mtu: dola 900.
Glavu, miwani ya kukinga macho, barakoa, sanduku la huduma ya kwanza: dola 150.
Akiba ya dharura, asilimia 10 ya yote hayo: dola 622.

Jumla ni dola 6,842. Wanafunzi 9 wakilipa dola 250 kila mmoja, na 2 wakisamehewa, mnapata dola 2,250. Ombeni seneti, yaani baraza la serikali ya wanafunzi linalopigia kura fedha, dola 3,200, na zilizobaki dola 1,392 zitafuteni kwa changizo.

Nafasi mbili za kusamehewa zipangwe tangu mwanzo, ndani ya bajeti. Kikundi kinachosema “mwenye shida aje atuone” hakitaona mtu, kwa sababu mwenye shida huangalia bei kwenye bango na kupita. Andikeni kwenye bango lenyewe kwamba nafasi hizo zipo na namna ya kuziomba kwa siri kupitia mlezi, siyo kupitia wanafunzi wenzake.

Akiba ya dharura ndiyo kifungu ambacho kamati ya fedha hupenda kukifyeka. Kiteteeni. Tairi likipasuka, au mwanafunzi akilazimika kurudishwa kwa basi siku ya Jumatano, fedha hutoka hapo. Ahadi ya kwamba isiyotumika itarejeshwa yote kwenye mfuko wa seneti huwalainisha wengi. Fulana za safari, kwa upande mwingine, ziondoeni wenyewe kabla hamjaombwa. Ni dola mia mbili na ushei ambazo zingempeleka mtu.

Vikao vingi vya seneti huendeshwa kwa kanuni za Robert, kitabu cha taratibu za mikutano ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 1876. Kwenu maana yake ni mambo machache. Hakikisheni akidi imetimia kabla hoja haijasomwa, kwani kura iliyopigwa bila akidi haina nguvu, na mpinzani anaweza kuiibua Februari mkiwa mmeshalipa kianzio. Hoja isomwe na kiasi kamili na madhumuni yake: “Seneti itoe dola 3,200 kwa ajili ya usafiri na malazi ya safari ya tarehe fulani”. Msiseme “isaidie safari”. Apatikane wa kuiunga mkono, ijadiliwe, ipigiwe kura, iandikwe kwenye kumbukumbu. Nakala ya kumbukumbu hizo iwe kwenye faili lenu, kwa sababu ofisi ya malipo itaidai.

Seneta aliyeomba nafasi kwenye safari, au ambaye tayari amechaguliwa kuongoza, ana maslahi. Atangaze, aeleze anachoulizwa, kisha asipige kura. Hapa ndipo safari nyingi hupata jina baya: seneta watatu wanajipigia kura ya likizo, gazeti la chuo linaandika, na mwaka unaofuata mfuko unafungwa. Njia safi kuliko zote ni orodha ya wasafiri kuchaguliwa baada ya fedha kupitishwa, na watu ambao si maseneta.

Kwenye vyuo vya umma kuna jambo la sheria pia. Katika kesi ya Southworth ya mwaka 2000, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu vyuo vikuu vya umma kukusanya ada ya lazima na kuigawa kwa vyama vya wanafunzi, kwa sharti kwamba ugawaji usiangalie msimamo wa chama. Mkitoa fedha kwa safari inayolala kwenye ukumbi wa kanisa huku mkimnyima mwingine kwa sababu tu mwenyeji wake ni msikiti, au kwa sababu hampendi mtazamo wake kuhusu wahamiaji, mmevuka mstari huo. Andikeni vigezo kabla maombi hayajafika: idadi ya wanafunzi, gharama kwa kila mtu, barua ya mwenyeji, mpango wa usalama. Kisha kila ombi lipimwe kwa vigezo hivyo hivyo.

Risiti

Mweka hazina asiyejua hili atahangaika Aprili nzima. Ofisi ya fedha ya chuo haitaki kile kikaratasi cha mashine ya kadi kinachoonyesha jumla na sahihi. Inataka risiti yenye kila kitu kwa jina na bei yake: mikate mitatu, mayai trei mbili, tufaha. Ukitoka dukani na jumla tupu, rudi ndani ukaombe nyingine ukiwa bado mlangoni, kwani wiki mbili baadaye ni maili 450.

Pigeni picha ya kila risiti siku hiyo hiyo. Karatasi ya risiti huharibika kwa joto, na ikiachwa kwenye dashibodi ya gari juani inaweza isisomeke tena. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli ni mlo gani na wa watu wangapi. Pombe isionekane kwenye risiti yoyote, hata kama mnunuzi atailipia kwa fedha yake, maana risiti iliyochanganywa hukataliwa yote. Ulizeni mapema pia kama cheti cha msamaha wa kodi ya mauzo cha chuo kinakubalika jimbo mnalokwenda. Msamaha wa jimbo moja mara nyingi haufanyi kazi jimbo jingine.

Novemba na Desemba: nani aende

Msitumie utaratibu wa wa kwanza kufika. Huleta kundi moja la marafiki sita waliokaa wakingoja fomu, na wale sita hugeuza safari kuwa yao. Tumieni fomu fupi yenye maswali matatu, isomwe bila majina na watu watatu, kila mmoja akitoa alama peke yake kabla hawajazungumza. Chagueni 11, na wengine watatu kwenye orodha ya akiba.

Takeni kianzio cha dola 50 ndani ya wiki moja, kisichorudishwa isipokuwa kwa ugonjwa. Nafasi za kusamehewa hazilipi. Kufikia katikati ya Januari mtu mmoja au wawili watakuwa wamejitoa: ratiba ya kazi imebadilika, mzazi amekataa, mtihani umepangwa Ijumaa ile. Ndiyo kazi ya orodha ya akiba.

Wanafunzi wa kigeni wenye viza ya masomo ya F-1, wengi wetu tuko humo, wanaruhusiwa kujitolea bila malipo kwenye shirika la hisani kwa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na watu wa kujitolea. Kinacholeta matatizo ni kufanya bure kazi ambayo mtu angelipwa, au kupokea chochote kinachofanana na malipo. Wakati wa safari bebeni pasipoti, fomu ya I-20 mliyopewa na chuo na nakala ya I-94, ile kumbukumbu ya kuingia nchini. Sheria inamtaka mgeni wa miaka 18 na zaidi awe na karatasi zake, na kwenye majimbo ya mpakani kuna vituo vya ukaguzi barabarani, mbali kidogo na mpaka wenyewe. Kama safari inatoka nje ya Marekani, I-20 iwe na sahihi ya kusafiri iliyo hai na viza ya kurudia iwe haijaisha. Mwoneni afisa wa wanafunzi wa kigeni Desemba, kabla hamjalipa tiketi.

Januari na Februari: maandalizi

Break Away limewahi kuhesabu nguzo nane za safari njema, miongoni mwake mafunzo, elimu kuhusu suala lenyewe, huduma ya moja kwa moja, tafakuri, na kutokuwepo kwa pombe na dawa za kulevya. Vikao vitano vya saa moja na nusu vinatosha kama havijazwi na michezo ya kujuana.

Kikao cha elimu ndicho kinachorukwa, na ndicho kinachofanya safari iwe ya kujifunza badala ya matembezi yenye nyundo. Kama mnakwenda kukarabati nyumba, wanafunzi waje wakijua nani anamiliki ardhi ile, kodi ya nyumba imepandaje, na kwa nini watu wenye kazi wanaishi kwenye paa linalovuja. Mwombeni mwalimu wa sosholojia au historia saa moja. Bora zaidi, mwombeni mtu wa huko azungumze kwa simu ya video na mmlipe kwa muda wake. Chuo kikitaka kuitambua safari kama somo linalohesabiwa kwenye shahada (lenye “credits”), mwalimu huyo ndiye atakayeandika muhtasari wa somo na kupima tafakuri. Hilo lianze muhula mmoja kabla.

Kuhusu pombe, kanuni ni moja kwa wote, hata aliyefikisha miaka 21, tangu gari linapoondoka hadi linaporudi. Andikeni mapema nani anaamua mtu arudishwe nyumbani, kwa usafiri gani, na nani analipa. Kanuni isiyo na hatua hizo haitekelezwi, kwa sababu usiku wa Jumatano kiongozi mwenye miaka 20 hatathubutu kubuni adhabu kwa rafiki yake.

Kila msafiri ajaze fomu ya afya: mizio, dawa, bima, mtu wa kupigiwa simu. Chanjo ya pepopunda iwe haijapita miaka 10. Fomu ziwekwe kwenye bahasha zilizofungwa, seti moja kila gari. Gari lililobeba bahasha zote likitangulia hospitali kimakosa, lile jingine halina kitu.

Magari

Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, limetoa maonyo tangu 2001 kuhusu vani za abiria 15. Hatari ya kupinduka huongezeka sana zikibeba watu 10 na zaidi, kwa sababu uzito hupanda juu na kurudi nyuma. Vyuo vingi vimezipiga marufuku. Magari mawili ya viti saba, watu sita kila moja, mizigo kwenye kiti kilichobaki na nyuma, hayana shida hiyo. Msifunge chochote juu ya paa.

Kila gari liwe na madereva wawili walioidhinishwa na chuo. Idhini hudai nakala ya rekodi ya udereva, nayo huchukua muda, basi ianze Januari. Kampuni nyingi za kukodisha hutoza ada ya ziada kwa dereva wa chini ya miaka 25. Ulizeni kabla ya kufunga bajeti. Badilishaneni kila saa mbili hadi tatu, anayekaa mbele kando ya dereva awe macho, na magari yasitembee kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Maili 450 ni safari ya mchana mmoja. Mkiondoka saa mbili asubuhi mnafika kabla ya giza kuwa nene, na hapana haja ya ushujaa wa usiku.

Wiki yenyewe

Gaweni timu nne za watu watatu, kila timu na zamu yake ya kupika na kuosha. Chakula cha mchana kazini, mikate iliyojazwa miwili kwa mtu, ni vipande 48 kwa siku, yaani mikate mitatu ya kawaida ya duka. Maji ni lita tatu kwa mtu: madumu mawili ya galoni tano yanatosha watu 12. Yajazeni usiku, maana asubuhi kila mtu anatafuta soksi.

Majimbo ya kusini huwa na msimu wa vimbunga vya tornado wakati huo huo wa Machi na Aprili. Siku mnayofika, tembeeni mpaka chumba cha kujificha: ghorofa ya chini kabisa, katikati ya jengo, pasipo dirisha. Idara ya hali ya hewa hutoa ngazi mbili za taarifa. Ya kwanza husema hali inaruhusu kimbunga kutokea: kaeni karibu na simu. Ya pili husema kimeonekana au kimeonwa na rada: ingieni sasa hivi. Viongozi wajue tofauti yake bila kuuliza.

Picha ni mtihani wa adabu. Mwenye nyumba aombwe ruhusa yeye mwenyewe, siyo kupitia msimamizi, na sura za watoto zisipigwe. Asiyependa picha ya chumba chake cha kulala kilicholowa isambae hapaswi kulazimika kueleza sababu.

Kila jioni kaeni dakika 45 kwa tafakuri, mara baada ya kula, kabla watu hawajaoga na kulala. Maswali matatu yanatosha wiki nzima: Nini kimetokea leo? Kina maana gani? Sasa tufanye nini? Kosa la kawaida ni kuruka la kwanza. Kiongozi anauliza “mmejisikiaje?”, wote wanasema wamebarikiwa, kikao kimekwisha. Anzeni na kitu kilichoonekana kwa macho. Tuseme mmoja anasema: “Mama mwenye nyumba alikuwa akifagia mbele yetu kila tulipomwaga vumbi.” Msirukie kumsifu. Ulizeni alikuwa anafagia nini, kwa nini hakungoja tumalize, ni lini mara ya mwisho alikuwa na wageni 12 barazani kwake bila kuwachagua. Hapo kikundi kitaanza kuzungumza juu ya heshima, na kesho yake mtu atachukua ufagio kabla yake.

Ajali ikitokea, pigeni 911 kwanza, kisha mlezi, kisha afisa wa zamu wa chuo. Taarifa iandikwe ndani ya saa 24 na aliyeona, kwa maneno ya alichoona tu. Hakuna anayeweka habari mtandaoni kabla familia haijapigiwa simu.

Aprili: kufunga hesabu

Ndani ya wiki mbili mweka hazina alinganishe kila kifungu cha bajeti na risiti zake, arudishe kilichobaki, na asome taarifa ya kurasa mbili mbele ya seneti. Msiahirishe. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi mara nyingi huangukia Machi na Aprili, viongozi wapya hushika ofisi kabla ya likizo ndefu, na vyuo vingi hufunga mwaka wa fedha Juni 30. Faili likikutwa bado halijafungwa, hakuna atakayelijua. Kwa sababu hiyo hiyo, mgombea yeyote aliyekuwa safarini asitumie picha za safari kwenye kampeni. Fedha zilikuwa za wote.

Iteni wasafiri kikao kimoja wiki ya tatu baada ya kurudi, siyo cha kuangalia picha, bali cha kutafuta kazi ya aina ile ile ndani ya maili 10 kutoka chuoni na kuweka tarehe ya kuianza. Mpigieni mwenyeji simu mkamuulize swali ambalo vikundi vichache humuuliza: tulipoondoka, kipi ilibidi mkirudie? Jibu lake liandikwe neno kwa neno kwenye faili la makabidhiano, pamoja na bajeti iliyotumika kweli, mkataba wa magari, na jina la msimamizi wa eneo la kazi. Katika simu hiyo hiyo, kama anawataka tena, ombeni wiki ya mwakani. Mwenyeji anayefaa hujaza nafasi zake za Machi mapema, na kundi lijalo halitakuwepo ofisini mpaka Septemba.